Bahari ipi ya kutazama? El Niño, Dipoli ya Bahari ya Hindi na pepo zinazokausha Afrika Mashariki

Ikifika Agosti, swali ni lile lile kuanzia Mombasa hadi Moshi: mwaka huu kuna El Niño? Wakiambiwa ipo, watu huziba mapaa na kuzibua mitaro. Wakiambiwa haipo, kila mtu hurudi kwenye shughuli zake. Shida ni kwamba El Niño hupimwa katikati ya Bahari ya Pasifiki, mbali sana na sisi, na katika miaka kadhaa ya gharika na ya ukame hapa kwetu, bahari iliyofanya kazi kubwa ilikuwa hii tunayoiona tukisimama Feri au Forodhani.

Chukua 2019. El Niño dhaifu iliyokuwapo mwanzoni mwa mwaka huo ilishakwisha kufikia katikati ya mwaka. Kwa kigezo cha Pasifiki peke yake, hapakuwa na sababu ya kutarajia makubwa. Kumbe vuli ile ilileta mafuriko Kenya, Somalia na Tanzania, maporomoko ya udongo yaliyoua watu Pokot Magharibi mwezi Novemba, na unyevu uliowapa nzige wa jangwani mahali pa kuzaliana. Sasa geuza ukurasa uangalie 2015: El Niño ile ilikuwa miongoni mwa kubwa kabisa tangu vipimo vianze, na serikali za ukanda huu ziliweka maandalizi ya gharika. Vuli ikawa nzuri, lakini haikukaribia ile ya 1997.

Kwa hiyo hapa naweka mizunguko minne bega kwa bega (El Niño/La Niña, Dipoli ya Bahari ya Hindi, mzunguko wa miongo wa Pasifiki, na MJO, yaani kundi la mawingu linalozunguka dunia kwenye Ikweta), ili mtu mwenye shamba, mifugo au bwawa ajue upi wa kufuatilia. Kipimo changu ni hiki: upi unaobadilisha upepo unaotukausha, katika msimu gani, na unatoa dalili mapema kiasi gani mtu awahi kufanya uamuzi.

Tuanze na upepo

Afrika Mashariki ni kavu kuliko unavyotarajia kwa nchi za Ikweta. Upande wa pili wa bara, Libreville hupata zaidi ya milimita 2,500 za mvua kwa mwaka. Mogadishu, iliyo nyuzi 2 tu kaskazini mwa Ikweta na inayotazama bahari yenye joto, hupata kama milimita 400. Si kwamba unyevu haupo. Unapita.

Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi ikitoka upande wa Arabuni na bara la Asia lililopoa. Ni hewa kavu tangu inapotoka, na kwa kuwa huambaa na pwani ya Somalia badala ya kuikabili, haina kinachoisukuma kupanda juu na kufanya mawingu. Kusi ndiyo yenye unyevu, maana imevuka bahari pana kutoka kusini-mashariki. Lakini kati ya Juni na Septemba hupinda, hukaza mwendo juu ya mashariki mwa Kenya na Somalia, kisha hukata kuelekea Bahari ya Arabu na India. Mtaalamu wa hali ya hewa John Findlater aliuchora mkondo huo wa upepo miaka ya 1960, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Sehemu ya mvua inayonyesha Mumbai mwezi Julai imepita juu ya vichwa vya watu wa Garissa.

Mvua zetu kubwa basi huangukia kwenye nafasi kati ya pepo hizo mbili, nyakati za maleleji, pepo zinapobadilishana zamu: masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba.

Bara nako kuna mlango wa unyevu kutorokea. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna bonde ambamo upepo wa kusini-mashariki hubanwa na kuongeza kasi karibu mwaka mzima. Pale Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, upepo huo unazungusha mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Heri kwa umeme, lakini katika vipindi unapovuma kwa nguvu zaidi, unyevu uliotoka Bahari ya Hindi hupenya kwenye bonde hilo na kuondoka bila kupanda, na maeneo ya pembeni hukauka.

Juu ya hayo yote kuna mzunguko mkubwa uitwao Walker, kwa jina la Gilbert Walker, Mwingereza aliyeongoza idara ya hali ya hewa ya India mwanzoni mwa karne ya 20. Upande wetu hufanya hivi: hewa hupanda juu ya Indonesia, penye maji ya joto, husafiri huko juu kuja magharibi, hushuka Afrika Mashariki, kisha hurudi Indonesia ikipita chini, juu ya uso wa bahari. Hewa inayoshuka hupata joto na kukauka, na wingu likikutana nayo halikui. Nayo ile inayorudi chini ndiyo upepo wa magharibi wa Ikweta, ambao huvuma katikati ya Bahari ya Hindi kila vuli. Ukizidi nguvu, unabeba unyevu kuupeleka Sumatra. Ukilegea, au ukigeuka kabisa ukavuma kutoka mashariki, unyevu huo unakuja kwetu. Stefan Hastenrath, aliyechunguza jambo hili kwa miongo kadhaa, alionyesha kwamba nguvu ya upepo huo na wingi wa mvua za vuli hupishana kwa ukaribu wa ajabu: mmoja ukipanda, mwingine hushuka.

Hapa kuna mtego unaowanasa hata watu wazoefu. Upepo wa magharibi wa baharini unatukausha, lakini upepo wa magharibi wa nchi kavu, unaotoka Bonde la Kongo, unatuletea mvua, hasa Uganda, Rwanda, Burundi, magharibi mwa Kenya na kuzunguka Ziwa Viktoria. Ukisikia mtabiri anasema upepo wa magharibi umeongezeka, muulize kwanza: juu ya maji au juu ya nchi?

Vuli kavu nayo haina mbingu tupu, kinyume na wanavyodhani watu wa mjini. Siku ya Novemba huko Same, kwenye tambarare iliyo chini ya milima ya Pare, mawingu hujitokeza vizuri tu asubuhi. Saa saba mchana yamerundikana juu ya vilele na mtu anaanza kuanua nguo. Saa kumi yameshachanika vipande vipande, vumbi limetimka barabarani, na mahindi ya wiki tatu yamekunja majani. Wingu lilipanda likakutana na hewa kavu inayoshuka, basi.

El Niño na La Niña

El Niño hutangazwa maji ya katikati ya Pasifiki, kwenye eneo la Ikweta kati ya nyuzi 170 na 120 magharibi, yanapopata joto la nyuzi 0.5 au zaidi juu ya wastani na kukaa hivyo kwa miezi. La Niña ni kinyume chake. Hurudi kila baada ya miaka 2 hadi 7, bila ratiba. El Niño ikija, pale hewa inapopandia huhama kutoka Indonesia kuelekea katikati ya Pasifiki, mzunguko wa Walker hulegea, na huku kwetu hewa inayoshuka hupungua. Kwa vuli hiyo ni habari njema kwa mkulima, ingawa sehemu kubwa ya msaada huo hupitia Bahari ya Hindi kwanza. El Niño huisukuma Bahari ya Hindi, na Bahari ya Hindi ndiyo inayotuletea mvua. Ikisukuma vibaya, au bahari yetu isiposogea vya kutosha, tunapata 2015.

Udhaifu mwingine ni kwamba El Niño haisemi jambo moja kwa kila mtu. Kati ya Juni na Septemba hukausha nyanda za juu za Ethiopia na huelekea kukausha kaskazini mwa Uganda. Mwaka 2015 Ethiopia iliingia kwenye ukame mkali kwa sababu ya El Niño ile ile iliyotazamiwa kuleta gharika Kenya miezi michache baadaye. Kusini mwa Afrika pia hukausha. Mwishoni mwa 2023 Kenya na Somalia zilikuwa majini. Februari 2024 Zambia ikatangaza ukame kuwa janga la taifa. Tanzania imekaa kwenye mshono: kaskazini na pwani ya kaskazini hufuata Kenya, wakati Ruvuma, Mtwara, Songwe na Mbeya, penye msimu mmoja wa Novemba hadi Aprili, dalili yake ni hafifu na haiaminiki sana. Kichwa cha habari kinachosema "El Niño kuikumba Tanzania" hakimwambii mtu wa Songea chochote.

Nguvu yake ni kutabirika mapema. Kufikia Julai, wataalamu huwa na picha nzuri ya hali ya Pasifiki itakavyokuwa Desemba. Lakini utabiri wa kati ya Machi na Mei ni wa kuushika kwa tahadhari, kwa sababu huo ndio wakati Pasifiki hubadili mwelekeo na mitambo ya utabiri hupotea njia. Bahati mbaya ndio wakati picha za kutisha huanza kuzungushwa kwenye makundi ya simu.

Binafsi naiogopa La Niña kuliko ninavyoisubiri El Niño. La Niña ya 2020 ilikaa hadi mwanzoni mwa 2023, na katika muda huo misimu mitano ya mvua mfululizo, kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, ilishindwa au kuwa duni kusini mwa Ethiopia, Somalia na kaskazini na mashariki mwa Kenya. Mfugaji wa Marsabit anaweza kuvumilia msimu mmoja kwa kuhamisha ng'ombe, na wa pili kwa kuuza baadhi. Wa tatu hakuna anayenunua.

Dipoli ya Bahari ya Hindi

Ilielezwa rasmi mwaka 1999 na kundi la watafiti akiwamo N. H. Saji na Toshio Yamagata, ingawa bahari ilikuwa ikifanya hivyo miaka yote. Wanapima joto la maji sehemu mbili: magharibi, kati ya nyuzi 50 na 70 mashariki, yaani mbele ya Somalia kuelekea katikati ya bahari, na mashariki, karibu na Sumatra. Wanatoa la mashariki kutoka la magharibi. Tofauti ikizidi nyuzi joto 0.4 kwa wiki kadhaa mfululizo, Dipoli ni chanya. Ikishuka chini ya 0.4 hasi, ni hasi. Ni kama pembea ya watoto: upande wetu ukipanda joto, wa Sumatra unashuka.

Umuhimu wake ni kwamba pembea hii na ule upepo wa magharibi wa baharini vinashikana. Maji ya Sumatra yakipoa, hewa haipandi tena kwa nguvu kule, upepo unaovutwa kutoka kwetu hudhoofika au hugeuka, na upepo uliogeuka hukokota maji ya joto kuyaleta huku, ambayo huzidi kuugeuza. Dipoli hasi ni hayo hayo yakienda kinyume: Sumatra inachemka, upepo wa magharibi unakaza, unyevu wetu unasombwa kwenda kunyesha Indonesia, na juu ya Afrika Mashariki hewa inakazana kushuka.

Orodha ya miaka inasema yenyewe. Vuli ya 1961 haikuwa na El Niño, lakini Dipoli ilikuwa chanya sana, na kati ya mwaka huo na 1964 Ziwa Viktoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2. Rekodi hiyo ya 1964 ilidumu hadi Mei 2020, ilipovunjwa baada ya Dipoli chanya nyingine kubwa, ya 2019, ambayo Oktoba ilipita nyuzi 2. Vuli ya 1997 ilikuwa na Dipoli na El Niño kwa pamoja, na wenye umri wanakumbuka madaraja yaliyosombwa. Upande wa ukame: Dipoli hasi ya 2010 iliambatana na La Niña, na mwaka uliofuata njaa ikatangazwa kusini mwa Somalia. Ile ya 2016 iliharibu vuli kuanzia Kilifi hadi Somalia. Ile ya 2022 ilikutana na La Niña ya mwaka wa tatu. Oktoba mtiririko wa mto Ruvu ulipungua mpaka Dar es Salaam ikawekwa kwenye mgao wa maji.

Tena kuna Oktoba 2023. Kenya ilitangaziwa kwamba ile El Niño iliyohofiwa haingekuja kwa ukali uliotabiriwa kwanza. Wakati huo huo Dipoli ilikuwa chanya kwa nguvu, na El Niño ilikuwapo kweli Pasifiki. Novemba Mandera, Garissa na Tana River zikafurika, na tarehe 3 Desemba tope kutoka mlima Hanang likashuka Katesh. Aliyekuwa akitazama bahari zote mbili asingelala kwa tangazo lile.

Udhaifu wa Dipoli ni umri wake mfupi. Huanza kujionyesha Mei au Juni, hufika kileleni Septemba hadi Novemba, na kufikia Desemba hadi Januari, pepo za msimu zinapobadilika, huwa imekwisha. Ukiulizwa Machi kama vuli itakuwa na Dipoli hasi, jibu la kweli ni kwamba haijazaliwa. Na baada ya Desemba haikwambii chochote kuhusu kaskazi ya Januari wala masika.

Namna rahisi ya kuikagua mwenyewe: Septemba, fungua ramani yoyote ya upepo mtandaoni, tafuta Ikweta kati ya nyuzi 60 na 90 mashariki, kusini mwa India. Mishale ikielekea mashariki kwa kasi siku baada ya siku, anza kupunguza matumaini ya vuli. Ikiwa imelala, au inaelekea Afrika, panda. Ramani ya siku moja haitoshi. Angalia angalau kwa wiki mbili. Ramani hiyo wakati mwingine huwa tayari imegeuka hata kabla takwimu za joto la maji hazijatangazwa.

Kwa mtazamo mmoja

| Mzunguko | Muda wake | Unapotufaa zaidi | Dalili hupatikana lini |
|---|---|---|---|
| El Niño/La Niña | Miezi 9 hadi miaka 3 | Vuli kwa sehemu. Ethiopia Juni hadi Septemba. Kusini mwa Afrika | Kuanzia Juni au Julai |
| Dipoli ya Bahari ya Hindi | Miezi 6 hivi | Vuli | Julai kwa mashaka, Septemba kwa uhakika zaidi |
| Mzunguko wa miongo wa Pasifiki | Miaka 20 hadi 30, bila usawa | Mwelekeo wa masika | Hujulikana ukiwa umeshabadilika |
| MJO | Siku 30 hadi 60 | Masika, na vipindi ndani ya vuli | Wiki 2 hadi 3 mbele |

Masika ni kesi nyingine

Vuli ina bwana mmoja anayeonekana. Masika hayana, na ndiyo maana utabiri wake umekuwa ukiwasumbua wataalamu miaka yote. Machi hadi Mei El Niño huwa inakufa au bado haijazaliwa, Dipoli haipo kabisa, na upepo wa Ikweta hautulii.

Kilichojitokeza ni mwelekeo wa muda mrefu. Pasifiki ina mzunguko wa polepole, ambao kwenye tovuti utaukuta kwa herufi PDO, uliopewa jina mwaka 1997. Awamu ya baridi ilitawala kuanzia miaka ya 1940 hadi 1976, ya joto ikafuata hadi karibu 1998, kisha kwa sehemu kubwa ikarudi ya baridi. Katika awamu hiyo maji ya magharibi mwa Pasifiki huwa ya joto sana yakilinganishwa na ya katikati, mzunguko wa Walker hukaza, na hewa inayoshuka upande wetu huongezeka. Bradfield Lyon na David DeWitt walionyesha mwaka 2012 kwamba masika ya Afrika Mashariki yalishuka ghafla karibu na 1999, sambamba na mabadiliko hayo. Chris Funk na wenzake wakalichukua wazo hilo, wakaanza kutumia tofauti ya joto kati ya magharibi na katikati ya Pasifiki kutoa tahadhari za masika makavu kabla hayajafika, na tahadhari kadhaa katika ule ukame wa misimu mitano zilitimia.

Hapo ndipo penye fumbo linalowaumiza vichwa watafiti: mitambo mingi inayotabiri tabianchi ya karne hii inasema Afrika Mashariki itapata mvua zaidi, wakati masika yaliyopimwa kwa miongo kadhaa yalikuwa yakipungua. Mimi nisingejenga bwawa kwa kutegemea upande mmoja wa fumbo hilo.

Na hata mwelekeo huo mrefu huvunjwa na MJO, yaani mzunguko wa Madden na Julian, uliogunduliwa mwaka 1971. Huu si wa joto la bahari hasa. Ni kundi kubwa la mawingu na upepo linalozunguka dunia kwenye Ikweta kutoka magharibi kwenda mashariki kwa siku 30 hadi 60. Likiwa juu ya Bahari ya Hindi, upepo wa Kongo huvutwa kuja mashariki na mvua hunyesha; likisogea Pasifiki, kaskazini mwa Tanzania na Kenya hukauka hata katikati ya masika. Masika ya 2018 yalikuja wakati La Niña bado inamalizika, na bado yakawa ya mafuriko. Bwawa lililopasuka Solai, Nakuru, mwezi Mei lilipasuka ndani ya msimu ambao Pasifiki isingekuonya. Mwaka uliofuata ikawa kinyume: Machi 2019 kimbunga Idai kilizunguka kwenye Mlango wa Msumbiji na kupiga Beira, unyevu ukavutwa kusini, na masika ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania yakachelewa kwa wiki kadhaa. Kimbunga kikikaa mashariki ya Madagaska, mara nyingi mambo hugeuka, upepo wa Kongo ukaja na mvua. Kilomita mia kadhaa tu za tofauti.

Sasa uchague upi

Mkulima wa vuli wa Kitui, Makueni, Kilifi, Tanga, Same au Mwanga: Dipoli, bila kusita. Kagua mwishoni mwa Agosti, wakati ambao pia ICPAC, kituo cha utabiri wa tabianchi cha ukanda huu kilichoko Ngong, Kenya, na mamlaka za hali ya hewa za nchi hutoa utabiri wa msimu, kisha tena wiki ya mwisho ya Septemba. Ikiwa hasi na La Niña ipo pamoja nayo, punguza mahindi, ongeza mtama, choroko au kunde, na tumia mbegu ya muda mfupi. Dipoli hasi peke yake bila La Niña bado inatosha kukufanya usikope pesa za mbolea kwa matumaini. Ikiwa chanya kwa nguvu, shida yako itakuwa mitaro na magonjwa ya mimea kuliko mvua.

Utauliza: kama mamlaka za hali ya hewa zimeshachanganya mizunguko yote kwenye utabiri wao, kwa nini nihangaike? Kwa sababu utabiri wao hutoka kama uwezekano wa chini ya wastani, wastani au juu ya wastani, kwa eneo pana, na hutolewa mara moja kwa msimu pamoja na nyongeza chache. Ukijua ni bahari ipi iliyowafanya waseme hivyo, utajua pia wakati wa kuanza kuutilia shaka utabiri wenyewe, maana bahari ikigeuka baada ya tangazo, wewe utaona.

Mfugaji wa kaskazini mwa Kenya au kusini mwa Ethiopia anahitaji kuifuatilia La Niña zaidi ya wote, kwa sababu kwake swali ni kama ukame utarudi msimu unaofuata. La Niña ikitabiriwa kuendelea hadi mwaka wa pili, uza madume mapema, wakati bei ingalipo. Mtu wa masika asijifunge na mzunguko mmoja: atazame tofauti ya joto ya Pasifiki mwezi Februari kupata mwelekeo, kisha aifuate MJO kila wiki kuamua siku ya kupanda. Wanaopanda mvua ya kwanza ya Machi kisha wakakumbwa na wiki tatu kavu, mara nyingi ni MJO iliyowafanyia hivyo.

Mvuvi na nahodha wa jahazi nisiwapotezee muda. Kaskazi na kusi zitakuja kila mwaka kwa sababu ya tofauti ya joto kati ya bara la Asia na bahari, na kwa usalama wa safari ya kesho taarifa ya bahari ya siku hiyo inashinda mzunguko wowote. Anayejenga bwawa, anayechimba kisima kirefu au anayepanga mradi wa umeme wa upepo wa miaka 25 ndiye wa kusoma mzunguko wa miongo, akijua kwamba hautamwambia mwaka gani, ila utamzuia kupiga hesabu zake zote kwa wastani wa miaka ya mvua nzuri ya 1977 hadi 1998.

Na kuna mmoja ambaye El Niño inamfaa kweli: mfanyabiashara wa mahindi wa Tunduma. El Niño ikiwa imekaa vizuri Pasifiki kufikia Oktoba, uwezekano wa Zambia, Malawi na Zimbabwe kuvuna kidogo Aprili hadi Mei huwa mkubwa, na ghala la Sumbawanga au Songea likijaa mwaka huo lina soko ng'ambo ya mpaka. Ndivyo ilivyokuwa 2024, Zambia ilipolazimika kununua mahindi Tanzania. Kabla ya kujaza ghala, ahakikishe mambo mawili: kwamba nyanda za juu kusini zenyewe zimepata mvua, kwa kuwa hapo dalili ya El Niño ni hafifu, na kwamba serikali haijafunga mpaka.